Siku Nne Unguja na Ukoo Mzima: Mwongozo Kamili wa Kutoka Dodoma Likizo ya Juni

Anza na kuhesabu vichwa. Kabla ya kuzungumzia hoteli, ufukwe au nguo za kuogelea, chukua daftari uandike kila anayekwenda: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri, na hali inayogusa safari, kama presha, kisukari, goti linalouma, mimba, au mtoto anayetapika garini. Mwongozo huu unatumia mfano wa watu 11 kutoka Dodoma mjini: bibi mmoja, watu wazima wengine sita (baba, mama, shangazi, mjomba na mkewe, na binamu aliyemaliza chuo), watoto watatu wa miaka 6 hadi 11, na mmoja wa miaka mitatu. Unguja tumeichagua kwa sababu tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari iliyokuwa inakula siku mbili kwa basi na meli sasa inawezekana kwa siku moja, ilimradi maungio yake yapangwe vizuri.

Kanuni inayoshika mambo yote hapa ni moja: panga kwa mwendo wa bibi na wa mtoto mdogo. Ratiba inayomfaa binamu wa miaka 24 itamchosha bibi kabla hajaiona bahari, na bibi akichoka, ukoo mzima husimama.

Mchango na mhazini

Teueni mhazini mmoja, asiwe ndiye anayepanga safari. Anayepanga huwa na haraka ya kulipa, na mhazini kazi yake ni kuuliza. Gawanyeni gharama kwa hisa: mtu mzima hisa moja, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu hisa, aliye chini ya miaka 4 hana hisa. Hisa ya bibi wanagawana watoto wake, na lisemwe mapema. Likiachwa hadi siku ya mwisho, shangazi atalipa peke yake kwa aibu na atalikumbuka kwenye kila msiba na harusi kwa miaka kumi.

Mfano wa treni unaonyesha hesabu inavyokwenda. Nauli ya daraja la kawaida kwa treni ya kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilitangazwa mwaka 2024 kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Watu wazima saba ni 217,000. Watoto watatu kwa 15,500 ni 46,500. Jumla 263,500 kwenda, na 527,000 kwenda na kurudi. Treni ya mchongoko, ile ya kasi yenye pua iliyochongoka, ni ghali zaidi, kwa hiyo hakikisheni mnajua mnayokata ni ipi.

Ongezeni asilimia 15 juu ya bajeti yote ikae kwa mhazini bila kuguswa. Hiyo ndiyo itakayowalaza Dar mkikosa meli.

Kuchagua tarehe

Shule hufungwa Juni, na Juni hiyohiyo ndiyo watalii wa nje huanza kujaa Unguja, hadi Oktoba. Wiki ya kwanza ya likizo nusu ya Dodoma inasafiri, na Bunge la bajeti likiwa bado halijaahirishwa, treni za Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi hujaa wenye shughuli zao. Ondokeni Jumanne au Jumatano, rudini Ijumaa au Jumamosi.

Angalieni mambo mawili kabla ya kulipa chochote. La kwanza ni matamasha: Mwaka Kogwa wa Makunduchi hufanyika Julai, na tamasha la filamu la ZIFF hubadilisha tarehe mwaka hadi mwaka, siku hizo vyumba hupanda bei. La pili ni mwezi angani. Mtu wa Dodoma hana sababu ya kuutazama mwezi kabla ya kusafiri, lakini ndio utakaoamua kama watoto wataogelea au watatembea juu ya matope. Tutalirudia chini.

Tiketi za treni

Kateni mtandaoni au stesheni, wiki mbili kabla kwa uchache. Jazeni majina herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kosa linalojirudia ni la jina la ndoa: tiketi inasema jina la mume, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la baba. Kwa watoto, bebeni nakala ya cheti cha kuzaliwa, maana mtoto wa miaka 11 mwenye mwili mkubwa atahojiwa kuhusu nusu nauli.

Ukishapata namba ya malipo, lipa palepale. Kiti hakijawa chako hadi malipo yapite na tiketi ije. Watu huacha namba ya malipo kwenye kundi la WhatsApp wakisubiri michango, muda unapita, viti vinaachiwa, na ukoo unatawanyika mabehewa manne. Mhazini alipe kwanza, adai baadaye.

Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, nje ya katikati ya mji. Kwa watu 11 bajaji nne hazitoshei mabegi. Kodini Noah mbili usiku wa kuamkia safari, na dereva apewe saa ya kuwasili, siyo ya kuondoka. Fikeni saa moja na nusu kabla. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo visu vya jikoni, mtungi mdogo wa gesi na dumu la mafuta ya kula vibaki nyumbani. Begi la dawa za bibi lisiingie kwenye mzigo mkubwa. Libebwe mkononi na mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Alfajiri ya Juni Dodoma ni baridi kweli, na ndani ya behewa kuna kiyoyozi. Bibi avae koti na soksi, awe na khanga ya ziada ya miguuni. Mkishafika Pugu, joto la pwani litamfanya avue vyote, kwa hiyo avae tabaka, asivae sweta moja zito.

Ungio gumu: kutoka treni hadi meli

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, na sababu ni watu kupanga kwa kuhesabu mwendo wa treni na wa meli tu. Treni ya Dodoma hadi Dar huchukua kama saa nne, kutegemea aina na vituo: Gulwe, Kidete, Kilosa, Morogoro na kuendelea. Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili. Ukijumlisha unapata saa sita na unafurahi. Lakini katikati kuna kushuka, kukusanya mabegi, choo cha watoto, usafiri hadi bandarini, ukaguzi, na geti linalofungwa kabla ya meli kuondoka.

Wekeni saa tatu kamili kati ya saa ya treni kufika na saa ya meli kuondoka. Kwa kawaida boti za kasi huondoka Dar asubuhi na mapema, katikati ya asubuhi, mchana, na ya mwisho karibu saa 10 alasiri. Treni ya alfajiri ikifika kabla ya saa 6 mchana, lengeni hiyo ya saa 10, hata kama ya saa 6:30 inaonekana inawezekana. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni inawezekana. Kwa bibi, mtoto na mabegi tisa, haiwezekani. Treni ya umeme ikisimama njiani kwa hitilafu, zile saa tatu ndizo zitakazowaokoa.

Kutoka stesheni ya SGR ya Dar hadi bandari ya boti ni kama kilomita mbili tu, lakini ni katikati ya jiji. Fanyeni hivi:

1. Mjomba na binamu watangulie na vitambulisho vyote kwenye bahasha moja, wathibitishe tiketi za meli dirishani.
2. Wengine wabaki stesheni kwenye viti, watoto waende choo, bibi ale na kunywa dawa ya mchana.
3. Binamu akipiga simu kuwa mambo safi, chukueni gari mbili. Bajaji ni nafuu, ila mabegi yakining'inia nje ni mwaliko kwa wezi wa pikipiki.
4. Bandarini msimpe begi mtu yeyote "wa kusaidia" kabla ya kukubaliana bei.

Tiketi za meli zikatwe mtandaoni au kwenye ofisi ya kampuni yenyewe. Nje ya geti kuna watu watakaosema ofisi imefungwa, au meli imejaa, na kwamba wao wana nafasi. Wapite bila maelezo. Mtanzania ana nauli yake ya shilingi, tofauti na ya mgeni, na ataombwa kitambulisho kuithibitisha. Kitambulisho hichohicho huulizwa Unguja mnapotoka bandarini.

Mifuko ya plastiki iacheni. Bara ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi. Viazi na karanga za njiani ziwe kwenye vyombo vyenye mfuniko.

Kusi na tumbo

Juni na Julai upepo wa kusi unavuma, na mkondo kati ya Dar na Unguja huchafuka. Kwenda, mawimbi huwa nyuma ya chombo. Kurudi, chombo kinaelekea yanakotoka mawimbi, kwa hiyo hupigwa zaidi. Wengi hujiandaa kwa safari ya kwenda na kusahau ile yenye shida.

Kaeni sakafu ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako kuyumba ni kidogo. Mbele na juu panapendeza kwa picha na ndipo watu hutapika kwanza. Dawa ya kichefuchefu cha safari inywewe saa moja kabla ya kuondoka. Ukisubiri hadi tumbo lianze, itatoka pamoja na chai. Mwulizeni mfamasia akiwa Dodoma, hasa kuhusu bibi mwenye dawa za presha, mjamzito, na watoto, maana dozi zao ni tofauti. Msipande na njaa, wala msipande na chipsi za mafuta tumboni. Chai ya tangawizi na mkate mkavu vinatosha. Mtoto anayeanza kupiga miayo na kutoka jasho baridi ameshaanza kuumwa: mwondoeni kwenye simu, atazame mbali dirishani, mfuko uwe tayari.

Malazi

Mji Mkongwe umekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na uzuri wake ndio ugumu wake: vichochoro havipitishi gari, na nyumba nyingi zina ngazi za mbao zilizosimama kama za kupandia darini. Picha mtandaoni hazionyeshi ngazi. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe: chumba cha bibi kiko ghorofa ya ngapi, na gari linaishia hatua ngapi kutoka mlangoni? Kwa ukoo, nyumba ya kupanga pembezoni, kama Malindi, Vuga au Kikwajuni, hufaa kuliko hoteli ya ndani kabisa: gari linafika, jiko lipo, na mnalipa nyumba nzima badala ya vichwa.

Ulizeni pia tangi la maji lina ujazo gani. Watu 11 wakioga mara mbili na kusuuza chumvi ya bahari, lita 500 hazitoshi siku moja. Ombeni bei kwa shilingi. Kabla ya kutuma malipo ya awali, ombeni simu ya video mwenye nyumba akitembea kutoka barabarani hadi chumbani. Tapeli mwenye picha za kuazima hawezi kufanya hivyo. Kama mna jirani au mwanafunzi aliyeko Unguja, mtumeni akatazame.

Siku ya pili: mjini, taratibu

Tokeni saa 2 asubuhi, rudini saa 6 kabla jua halijawa kali, mpumzike, mtoke tena saa 10. Anzeni na soko la Darajani samaki wakiwa bado wabichi. Kisha Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini wanavyooneshwa wageni ni vya dari fupi sana. Bibi akae juu kanisani, na mtu mmoja abaki naye. Watoto wa miaka 6 waelezwe kwa ufupi na kwa ukweli kabla ya kushuka, wasije wakacheza mle ndani. Msafara wa watumwa na pembe ulipita pia kwetu Ugogo ukitoka Tabora na Ujiji kwenda pwani, na mtoto wa Dodoma anastahili kujua kwamba historia ile ilipita kwao.

Beit-el-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Itazameni kwa nje mkielekea Ngome Kongwe, iliyo jirani.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe mjini, wanaume pia wasitembee vifua wazi. Hapa ni kwa watu, wanaishi na wanaswali. Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala ya mchana. Salimieni kwanza, kisha ulizeni bei. Mtu wa Unguja akisalimiwa vizuri huwaonyesha njia hadi mlangoni. Vijana wanaowaandama wageni na kuwapeleka madukani huitwa papasi. Anayewapeleka hulipwa na muuzaji, na pesa hiyo imo kwenye bei yenu. "Ahsante, sisi wenyeji" ikisemwa kwa Kiswahili na kwa tabasamu humaliza mazungumzo.

Jioni, Forodhani, bustani ya vyakula iliyo ufukweni mwa mji. Tembeeni meza zote mara moja bila kununua. Mishikaki ya pweza na samaki iliyokwisha kuchomwa na kurundikwa iacheni. Chagueni kinachochomwa mbele yenu, ulizeni bei ya kila kimoja kabla hakijaingia sahani, na mlipe kila meza kivyake. Urojo, ile supu ya Unguja ya viazi na bajia, uchukueni ukiwa moto, na pilipili ya watoto iwekwe pembeni. Juisi ya miwa ikamuliwe mkiona, bila barafu kwa aliye na tumbo laini.

Siku ya tatu: bahari, na kwa nini mwezi ni muhimu

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo kuna bamvua: maji hupwa sana karibu saa 4 hadi 5 asubuhi, na kujaa sana karibu saa 10 hadi 11 jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na kujaa huangukia asubuhi.

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, bamvua huyavuta maji mbali mno. Familia inafika saa 4 asubuhi na kukuta uwanja wa mchanga, mwani na akina mama wanaolima mwani. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo, ndiyo maana kwa safari ya siku moja tunapendekeza kaskazini. Ni kama kilomita 60 kutoka mjini. Daladala namba 116 inafika Nungwi, lakini kwa watu 11 kodini gari la siku nzima: mkubaliane bei ya gari, saa ya kurudi, na kwamba dereva anasubiri. Lipeni nusu asubuhi, nusu mkirudi.

Watoto wa Dodoma bahari hawaijui, hata wanaojua kuogelea bwawani. Mawimbi huwavuta miguu na chini hushuka ghafla. Kanuni: mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, naye asimame upande wa bahari, mtoto abaki upande wa nchi kavu. Anayelinda asiwe na simu mkononi. Badilishaneni kila nusu saa. Viatu vya plastiki vivaliwe majini kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kwenye mawe. Aliyechomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi, usichokonoe kwa pini. Mwiba uliozama au kuvimba kunakozidi ni kazi ya zahanati.

Jua la pwani huunguza hata penye mawingu. Kama yupo ndugu mwenye ualbino, panga siku yake kwa kivuli: majini kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua yarudiwe kila saa mbili.

Wanaopenda kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni Shelisheli, waende siku ya pili asubuhi, boti ni nusu saa hivi. Hesabuni majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda: yawe 11, na la mtoto liwe la mtoto. Boti isiyo na ya kutosha, mshuke.

Jikoni

Pikeni mlo mmoja kwa siku nyumbani. Kwa wali, gramu 150 za mchele kwa mtu mzima na 80 kwa mtoto: watu wazima saba na watoto wanne ni kilo 1.4 hivi. Samaki wazima kilo 3 wanatosha, kwa kuwa kichwa na miiba vinachukua sehemu kubwa. Nazi tatu. Maji ya kunywa lita 2 kwa mtu mzima. Nunueni dumu kubwa mjaze chupa, siyo chupa ndogo ndogo. Asubuhi, mkate mnaoujua nyie, Unguja huitwa boflo.

Kurudi

Chukueni boti ya kwanza au ya pili asubuhi, kabla upepo haujashika kasi, na treni ya alasiri. Vifaa vya umeme mlivyonunua viwe na risiti, maana mizigo ya kutoka Zanzibar hukaguliwa na watu wa forodha Dar, na televisheni ya bei nafuu inaweza kuongezewa ushuru papo hapo. Viungo vinunuliwe vya paketi zilizofungwa. Karafuu kwa wingi biashara yake inasimamiwa na serikali, msizibebe kwa viroba. Ubuyu wa rangi chukueni tu, ijapokuwa mibuyu tunayo Dodoma, maana upishi ule wa sukari, iliki na pilipili ni wao.

Mhazini afunge hesabu ndani ya treni, kabla ya Morogoro, watu wakiwa bado macho na pamoja. Asome kwa sauti kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na kila mdaiwa ajulikane hapo. Koti na soksi za bibi zikae juu kabisa ya begi: mtafika Mkonze usiku, na upepo wa Dodoma hautangoji mtu afungue zipu.